Askari wa mwili anapomgeukia mwenye nyumba

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Msemo huu tumezoea kuutumia tunapomzungumzia rafiki msaliti, au jamaa anayetuchekea mchana na kutuchimba usiku. Ni nadra kuutumia kwa jambo lililo karibu zaidi na sisi kuliko hata nguo: damu yetu wenyewe.

Wiki hii nimelazimika kuutumia kwa maana hiyo. Nimepokea barua kutoka mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega. Aliyeiandika ni msichana wa chuo, na ameniomba nisilitaje jina lake. Anasema dada yake mkubwa, mwenye umri wa miaka 26, amekuwa akiugua homa za kuja na kwenda kwa karibu miaka miwili. Kila alipokwenda kutibiwa aliambiwa ni malaria, akapewa dawa. Ilipokataa kuwa malaria, ikawa taifodi. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba hata hawezi kufunga vifungo vya blauzi. Nywele zikawa zinatoka kwa mafungu, na madoa meusi yakamtanda mashavuni.

Majirani walianza kunong'onezana kuwa ni Ukimwi, ijapokuwa vipimo vitatu vilionyesha hana virusi hivyo. Nyanya yao, ambaye wao humwita kukhu, aliamini kuwa mjukuu wake amerogwa na mtu aliyemwonea kijicho alipopata kazi. Mwishowe daktari mmoja alimpima mkojo, akaagiza damu ikapimwe, na majibu yalipokuja akawaeleza kuwa dada huyo ana lupasi. Akasema ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kumshambulia mwenyewe.

Msichana huyu ana maswali matatu. Kwanza, inawezekanaje kinga imshambulie mtu iliyepaswa kumlinda? Pili, balaa hii imetoka wapi? Tatu, na hapa nadhani mkono wake ulitetemeka kidogo, je, na yeye ataupata? Ni maswali mazito, na yanastahili majibu ya kweli.

Walinzi na wasimamizi wao

Ndani ya damu mna chembe nyeupe za aina nyingi, na kila aina ina zamu yake. Zipo zinazomeza vijidudu kama kuku anavyodonoa mchwa. Zipo zinazoitwa chembe B, ambazo hutengeneza kingamwili, yaani protini ndogo zinazomnata adui ili atambulike. Zipo pia chembe T, ambazo nyingine huua chembe zilizokwisha kuingiwa na virusi, na nyingine hutoa amri kwa wenzao.

Mlinzi yeyote lazima kwanza awajue wenye nyumba. Chembe hizi huchujwa zikiwa changa, chembe B katika uboho wa mifupa na chembe T katika tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Ile inayoonekana kutaka kuushambulia mwili huuawa au hunyamazishwa. Hata hivyo mchujo huo haukamiliki. Wachache hupenya wakaingia kazini wakiwa na tabia mbaya, na ndiyo maana mwili una wasimamizi wa kuwazuia.

Wasimamizi hao ni chembe T za aina maalumu, na kazi yao ni kutuliza ghasia. Mjapani Shimon Sakaguchi alizitambulisha mwaka wa 1995. Mwaka wa 2001 Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell waligundua jeni iitwayo FOXP3, ambayo ikiharibika, panya huzaliwa na kinga inayoutafuna mwili wake, na watoto wa kiume hupatwa na maradhi kama hayo. Baadaye ilibainika kuwa jeni hiyo ndiyo inayozifanya chembe za Sakaguchi ziwe wasimamizi. Ikizimika, hakuna wa kuwaambia askari watulie. Kwa kazi hiyo watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2025.

Basi jibu la swali la kwanza ni kwamba uwezo wa kujishambulia tunao sote. Walio wazima ni wale ambao breki zao zinashika.

Kitabu kimoja, nyimbo mbalimbali

Nimetaja jeni, na huenda baadhi ya wasomaji wakaniuliza ni kitu gani hicho. Ndani ya karibu kila chembe ya mwili mna uzi mrefu mno uitwao DNA, ambao umebeba maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Agizo moja ndilo jeni. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini.

Cha kustaajabisha ni kwamba chembe ya jicho na chembe ya ini zina maagizo yale yale. Mbona basi jicho halitengenezi nyongo, na ini halioni? Fikiria kitabu cha nyimbo kanisani. Waumini wote wamebeba kitabu hicho hicho, lakini siku ya arusi hakuna anayeanzisha wimbo wa mazishi. Kila ibada ina nyimbo zake, na nyingine hukaa kurasani miaka na mikaka bila kuimbwa. Chembe ya ini hufungua kurasa zake, na chembe nyeupe hufungua zake.

Ikitaka kuimba, yaani kutumia jeni fulani, chembe huinakili jeni hiyo kwenye uzi mfupi wa muda uitwao RNA, kisha hutumia nakala hiyo kutengenezea protini. Nakala zikiwa nyingi, wimbo unaimbwa kwa sauti kubwa. Nakala zikiwa chache, ni mnong'ono. Zisipokuwapo kabisa, jeni imezimwa. Kuna hata vibandiko vidogo vya kemikali ambavyo mwili hubandika juu ya DNA ili kurasa fulani zisifunguke ovyo.

Wataalamu wa siku hizi wanaweza kuchukua damu kidogo ya mgonjwa na kuhesabu nakala hizo kwa maelfu ya jeni kwa mkupuo mmoja. Hapo hawaulizi tu mtu amerithi jeni gani. Wanauliza chembe zake zinaimba nini leo, na kwa sauti gani. Swali hilo la pili ndilo lililotufungulia mlango wa kuielewa lupasi.

Kengele isiyonyamaza

Mwaka wa 2003 vikundi viwili vya watafiti nchini Marekani, kimoja cha Minnesota na kingine cha Dallas, vilitangaza jambo lililofanana. Walipopima chembe za damu za wagonjwa wa lupasi, waliona kundi zima la jeni likiimba kwa sauti ya juu kupita kiasi. Zilikuwa jeni zinazoamshwa na kitu kimoja, interferoni.

Wasomaji wa rika la wazazi wetu watalikumbuka neno hilo. Mwaka wa 1990 taifa zima lilizungumza kuhusu Kemron, dawa iliyotoka katika taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na kuzinduliwa na Rais Moi kuwa tiba ya Ukimwi. Kemron ilikuwa interferoni kidogo ya kumung'unywa mdomoni. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha kuwa iliwafaa wagonjwa, na matumaini yale yakafifia.

Interferoni yenyewe si hadithi. Iligunduliwa London mwaka wa 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Ni kengele ya hatari ya mwili. Virusi vikiingia katika chembe moja, chembe hiyo hutoa interferoni, na majirani zake wakiisikia huwasha mamia ya jeni za vita. Ndiyo moja ya sababu mtu mwenye homa ya mafua huumwa na kichwa, viungo na mgongo hata kabla hajaanza kukohoa vizuri. Maumivu hayo kwa sehemu kubwa ni kelele za kengele.

Kwa mtu mzima kengele hulia siku chache, adui akafa, pakatulia. Kwa mgonjwa wa lupasi hainyamazi. Kila siku chembe nyingi za mwili hufa kwa kawaida na mabaki yake huzolewa. Katika lupasi mabaki hayo, yakiwamo ya DNA na RNA, hukawia kuondolewa. Chembe B zilizokosa adabu huyatengenezea kingamwili. Kingamwili na mabaki vikishikamana, humezwa na chembe nyeupe za aina fulani, ambazo ndani yake mna vitambuzi vya kunusa virusi. Kimojawapo huitwa TLR7. Kitambuzi hicho kikinusa RNA ya mwili kikidhani ni ya virusi, hupiga kengele. Interferoni humwagika, chembe B huchochewa kutengeneza kingamwili zaidi, na mzunguko huanza upya.

Mashambulizi hayo yakifika kwenye viungo, vidole huvimba. Yakifika kwenye ngozi, madoa hutokea. Yakifika kwenye figo, ambazo huchuja damu yote, kingamwili hukwama huko na figo huanza kuharibika kimya kimya, bila maumivu. Hapo ndipo palipo na hatari kubwa.

Ushahidi kuwa interferoni si mtazamaji tu unatoka pia kwa watu waliowahi kudungwa dawa hiyo kwa wingi ili kutibu homa ya ini au saratani. Baadhi yao walianza kuonyesha dalili kama za lupasi, ingawa hawakuwa nazo awali.

Deni la malaria

Sasa tuje kwa swali la pili: balaa hii imetoka wapi? Hapa msomaji wa Amalemba anastahili kusikiliza kwa makini, kwa kuwa sehemu ya jibu inamhusu mbu wa kwao.

Kakamega imo katika ukanda wa ziwa, ambako malaria imekita mizizi kuliko sehemu nyingine humu nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2020 ulionyesha kuwa katika ukanda huo, watoto 19 kati ya 100 waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria damuni, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 6 kati ya 100. Chanjo ya kwanza ya malaria ilipoanza kujaribiwa katika utoaji wa kawaida nchini Kenya, Septemba 2019, Kakamega ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizochaguliwa.

Ugonjwa uliowaua watoto wengi namna hiyo kwa vizazi na vizazi haukosi kuacha alama katika damu ya waliopona. Alama moja twaijua: selimundu. Anthony Allison, daktari aliyekulia hapa Kenya, alionyesha mwaka wa 1954 kuwa mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata nafuu dhidi ya malaria. Akiirithi kwa wazazi wote wawili, huugua. Jeni ilibaki katika koo zetu kwa sababu iliokoa wengi kuliko iliowaangamiza.

Je, kinga yetu nayo ina alama kama hiyo? Mwaka wa 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, aliyekuwa Ibadan, Nigeria, aliandika kuwa magonjwa ya kinga kujishambulia yalionekana kwa nadra sana hospitalini kule, na akashuku kuwa malaria na vimelea vingine vinahusika. Mwaka wa 1970 yeye na wenzake waliwaambukiza malaria ya panya wale panya wanaozaliwa na ugonjwa kama lupasi, na ugonjwa ule ukapungua makali.

Kisha ukaja ushahidi wa hapa nyumbani. Kuna jeni iitwayo FCGR2B, ambayo hutengeneza breki inayokaa juu ya chembe B na zile zinazomeza vijidudu. Kingamwili zikizidi, breki hiyo hukanyagwa na chembe hupunguza mwendo. Lakini kuna watu waliorithi aina yake isiyoshika vizuri. Aina hiyo ni ya kawaida zaidi Afrika na Asia ya kusini mashariki kuliko Ulaya, yaani huko huko malaria ilikotamba. Mwaka wa 2010 watafiti wa Cambridge, wakishirikiana na wenzao wa Kilifi katika Pwani yetu, walitoa matokeo yao. Miongoni mwa watoto wa Kenya, waliorithi breki hiyo mbovu kwa baba na kwa mama walikuwa na uwezekano mdogo wa kupatwa na malaria kali, pungufu kwa karibu nusu. Lakini takwimu za wagonjwa wa Hong Kong, Uingereza na kwingineko zilionyesha kuwa watu wa aina hiyo hiyo wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata lupasi.

Kwa maneno mengine, askari asiye na breki ni mkali kwa vimelea vya malaria. Ukali huo huo, siku moja, waweza kumgeukia mwenye nyumba. Isitoshe, uchunguzi wa chembe B za wagonjwa wa lupasi umeonyesha kuwa baadhi ya chembe zao za kumbukumbu hubeba breki chache kuliko inavyostahili, yaani hata palipo na jeni, wimbo wake huimbwa kwa mnong'ono.

Mtu mmoja hawezi kuambiwa kwa uhakika kuwa jeni fulani ndiyo iliyomwangusha, kwa sababu sehemu zaidi ya 100 za DNA zimehusishwa na lupasi, na kila moja huchangia kidogo. Lakini fikirini hili. Huenda kinga ile ile iliyowavusha kina kukhu utotoni, wakati wenzao wengi walizikwa kwa homa, ndiyo leo inayodai malipo kwa mjukuu. Hiyo si laana wala kijicho cha jirani. Ni urithi uliokuja na deni lake.

Mbona wanawake?

Katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, takriban 9 ni wanawake, na wengi hupatwa kati ya umri wa miaka 15 na 45, yaani miaka ya masomo, kazi na uzazi. Sababu moja imo katika kromosomu. Mwanamke ana kromosomu X mbili na mwanamume ana moja. Ili mizani isiharibike, mwili wa mwanamke huizima X moja katika kila chembe. Jeni ya TLR7, kile kitambuzi kinachopiga kengele, imo kwenye X. Watafiti wamegundua kuwa katika baadhi ya chembe za kinga za wanawake, jeni hiyo huponyoka isizimwe, ikasikika kwa sauti mbili badala ya moja. Hata wanaume wachache wanaozaliwa na X ya ziada hupatwa na lupasi mara nyingi zaidi kuliko wanaume wengine.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu bado wapo waume wanaorudisha wake zao kwao wanapougua, wakidai waliuziwa mbuzi kwenye gunia. Mke hakuleta aibu. Alizaliwa mwanamke.

Je, na mimi nitaupata?

Hili ndilo swali la tatu. Magharibi mwa Kenya mapacha hupewa majina yao kabisa, Mukhwana na Mulongo. Tuseme Mukhwana na Mulongo wanafanana kama shilingi kwa ya pili, wakiwa na DNA ile ile. Ikiwa Mukhwana ana lupasi, je, Mulongo ameandikiwa? Utafiti uliotolewa Marekani mwaka wa 1992 ulijibu. Kwa mapacha wa kufanana kabisa, ni katika jozi 24 tu kati ya 100 ambapo wote wawili walikuwa na ugonjwa. Kwa mapacha wasiofanana, ambao hushirikiana jeni kama ndugu wengine wowote, zilikuwa jozi 2 kati ya 100.

Kwa hiyo, binti, sikiliza. Kuwa na dada mwenye lupasi kunakuweka karibu na hatari kidogo kuliko mtu baki, lakini walio wengi katika hali yako hawaugui. Kitabu mnaweza kuwa nacho kimoja, lakini nyimbo zinazofunguliwa hutegemea mengi mengine: maambukizi, homoni, jua kali, baadhi ya dawa, uvutaji wa sigara, na bahati tu. Wala huwezi kuupata kwa kulala naye kitanda kimoja, kumnyoa, kumwosha au kula naye sahani moja. Ugonjwa huu hauambukizi kamwe.

Dawa ya malaria yarudi kwa mlango wa nyuma

Lupasi haijapata dawa ya kuing'oa, lakini inatibika na mtu akaishi, akasoma, akazaa na kuzeeka. Ajabu ni kwamba dawa yake ya msingi ni ndugu wa dawa ya malaria. Wengi wetu twaikumbuka klorokwini, chungu kama shubiri, iliyowafanya watu wajikune usiku kucha. Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998, vimelea vilipokuwa vimeizoea. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, ndiyo anayopewa mgonjwa wa lupasi. Huingia ndani ya chembe mahali pale pale TLR7 ilipojibanza, ikaizuia kupiga kengele ovyo. Sauti ya jeni za vita hushuka.

Ni dawa ya kumeza kila siku kwa miaka mingi, hata mtu anapojisikia mzima. Mama mjamzito kwa kawaida hushauriwa aendelee nayo. Ina sharti moja: macho yapimwe mara kwa mara, maana ikitumiwa muda mrefu yaweza kuyadhuru. Mwaka wa 2020, uvumi ulipoenea kuwa inatibu Corona, watu duniani kote waliigombania, na wagonjwa wa lupasi wakaikosa madukani. Haikutibu Corona.

Mashambulizi yakiwa makali, daktari huongeza prednisoloni au dawa nyingine za kupunguza nguvu za kinga. Hizi hazinunuliwi kwa kukisia, wala prednisoloni haikatizwi ghafla, kwa kuwa mwili uliokwisha kuizoea waweza kuzidiwa. Mwaka wa 2021 Marekani iliidhinisha anifrolumabu, sindano inayoziba kipokezi cha interferoni chenyewe, ushahidi kuwa safari iliyoanza 2003 kwa kuhesabu nakala za jeni ilifika kwenye dawa. Na mwaka wa 2022 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, waliwatibu wagonjwa 5 kwa kuzifunza chembe T zao maabarani ziwaondoe chembe B waasi, na ugonjwa ukatulia. Bei ya matibabu hayo bado haisogelewi na familia ya kawaida, lakini kumbuka kuwa hata dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilianza hivyo.

La kufanya kuanzia kesho

Kwanza, homa katika Kakamega ipimwe malaria, na ipimwe mapema. Lakini kipimo kikisema hakuna vimelea na homa ikaendelea, usikubali kupewa dawa ya malaria mara ya tatu na ya nne. Uliza, ni nini kingine?

Pili, jueni dalili: homa isiyokwisha, uchovu usioelezeka, viungo kuvimba hasa asubuhi, vidonda vya mdomo, nywele kutoka, maumivu ya kifua unapovuta pumzi, na upele wa mashavuni unaovuka pua kama mbawa za kipepeo. Vitabu vingi husema upele huo ni mwekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi mara nyingi huonekana mweusi zaidi au wa zambarau, na ndiyo maana hupita bila kutambuliwa.

Tatu, omba mkojo upimwe. Kipimo cha kijiti ni cha bei nafuu na chaweza kuonyesha protini au damu inayovuja kutoka kwenye figo kabla mgonjwa hajavimba miguu. Mkojo wenye povu jingi lisilokwisha ni onyo. Kikiwa na kasoro, omba uandikiwe kwenda hospitali kubwa, ambako damu itapimwa kingamwili zinazoushambulia mwili.

Nne, mgonjwa ajikinge na jua kali kwa kofia pana na mikono mirefu, na alale ndani ya chandarua kila usiku, kwani dawa zinapoipunguza kinga, vijidudu hupata mwanya.

Tano ni kwa wazee wetu, na nasema kwa heshima. Maombi hayakatazwi, na uji wa kukhu humpa mgonjwa nguvu kuliko anavyojua mwenyewe. Lakini wiki moja ya kuhangaika kwa waganga ni wiki moja ambayo figo zinapigwa bila mtetezi, na figo zikifa hazioti tena. Mshike mkono mumpeleke kliniki tarehe aliyopewa, kila mwezi ikibidi, hata siku ile anapoonekana mzima kabisa.